Fuvu Juu ya Bati

Korogwe, 10 Julai 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila mguu wangu bado umo kwenye plasta. Daktari anasema muundi unaunga, lakini nisithubutu kupanda gari la safari. Kwa hiyo nafundisha nimekaa kwenye kiti kama hakimu, na wasichana wananiletea chaki. Usimlaani tena yule wa bodaboda, naye aliumia.

Nimekuandikia kwa herufi kubwa. Najua kwenye kile kisimu chako cha tochi maneno yanakuwa kama sisimizi, na kupigiana simu hakuna maana tena tangu masikio yako yazime. Basi tuandikiane, kama ulipokuwa Mazinde kwenye mkonge, na mimi na marehemu mama tukingoja barua zako.

Nina ombi. Nafundisha kidato cha nne namna wanyama wanavyopangwa katika koo zao, na sasa tumefika kwa mamalia. Wasichana wanakariri vizuri sana: mamalia ana nywele, mamalia ananyonyesha. Lakini shule haina hata fuvu moja la kushika mkononi. Juzi nilichora ubaoni kichwa cha mbuzi, na Loveness, anayekaa mbele, akasema, "Madam, hilo si ni buti?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka.

Ukikuta fuvu porini, niokotee. Anza na kichwa cha mbuzi wa Idi, kama mbwa hawajakimaliza. Tafadhali usivunje meno. Meno ndiyo kitambulisho cha mamalia. Kuna wanyama waliotoweka kabla mtu yeyote hajawaona wakitembea, na wataalamu wamewajua kwa jino moja tu: alikula nini, na ndugu zake ni akina nani.

Msalimie shangazi Hamisa.

Binti yako,
Faudhia

*

Sindeni, 19 Julai 2023

Kwako mwanangu Faudhia,

Marahaba. Barua nimeipokea kwa mkono wa kondakta. Nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena.

Ombi lako lilinishangaza kwanza, halafu likanifurahisha. Siku ya mzee asiyesikia ni ndefu, mwanangu. Nakaa na watu, naona midomo inakwenda, wakicheka nami nacheka. Ile mashine ya korona, ya kusaga mkonge, ilininguruma kichwani miaka yote ile, na ilipokaa kimya iliondoka na sauti zote. Lakini mfupa hauongei. Mfupa na mimi tunakwenda sawa.

Nimekutumia boksi la sabuni. Ndani mna kichwa cha mbuzi wa Idi, na kichwa cha pimbi niliyemkuta amekufa kwenye majabali juu ya shamba la Hamisa. Niliviweka penye sisimizi wakala nyama yote, kisha nikavichemsha nje kwenye debe, na sabuni ya unga, nikavianika juu ya bati hadi vikawa vyeupe.

Sasa nijibu. Mbuzi hana meno ya mbele kwenye taya la juu, hilo nalijua tangu utoto. Lakini huyu pimbi ana mawili! Marefu, yamejipinda, yana ncha, kama pembe za ndovu mchanga. Niliyatazama mpaka sala ya magharibi ikanipita, nikaja kushtuliwa na giza. Mnyama wa kubebwa kwapani, ambaye vijana wakitaka kumtukana mtu mfupi ndilo jina wanalompa, amepata wapi meno ya tembo?

Mimi baba yako,
Mwinjuma

*

Korogwe, 27 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Boksi limefika salama, hakuna jino lililovunjika. Na swali lako limewahi kuwasumbua watu wenye maabara kubwa.

Ni meno ya tembo kweli. Zile tunazoziita pembe za ndovu si pembe, ni meno ya mbele yaliyokua bila kusimama. Ya ngiri ni chonge, lakini ya tembo ni ya mbele, na ya pimbi ni yale yale. Ukimpata mwingine mtazame miguu: kucha zake ni bapa, kama vijikwato, mfano wa tembo. Korodani zake zimebaki ndani ya tumbo, mfano wa tembo. Na mimba yake! Sungura hubeba mwezi mmoja hivi. Pimbi, ambaye hamzidi sungura kwa mengi, hubeba zaidi ya miezi saba, kama vile mwili wake unatarajia kuzaa kitu kikubwa. Zamani za kale, huko Misri, waliishi pimbi wakubwa mfano wa kifaru. Wakatoweka. Tukabaki na hawa wa kwenye mawe, nasi tukawafanya tusi.

Ukoo wenyewe hauishii hapo. Nguva wa baharini ni wa ukoo huo. Mhanga, anayechimba vichuguu usiku, naye yumo. Na sange, yule wa pua ndefu anayechakura majani makavu msituni, ambaye utotoni tulimwita panya. Si panya, baba. Ni ndugu wa tembo.

Nilipolipitisha fuvu la pimbi darasani, waligombania kulishika. Angel alilishika muda mrefu, akauliza, "Madam, kwa hiyo tembo ni pimbi aliyefanikiwa?"

Nikuambie na moja la kwako. Ndani ya sikio lako viko vijifupa vitatu, vya saizi ya punje za mchele. Vinaitwa nyundo, fuawe na kikuku. Mjusi anacho kimoja tu. Viwili vilivyozidi kwetu, kwa mjusi viko kwenye bawaba ya taya. Kusini mwa nchi yetu, kwenye bonde la Ruhuhu, wamechimbuliwa wanyama wa kale waliokuwa njiani kuelekea kuwa mamalia. Ukiwapanga wanyama wa namna hiyo kwa zama zao, unaona ile mifupa ya nyuma ya taya inavyozidi kuwa midogo, mpaka mwisho ikahamia sikioni. Kilichokuwa kikifungua kinywa ndicho leo kinachosikia.

Na mfupa wa shingo ya twiga, baba, una pingili saba. Wa panya, saba. Wako, saba.

Binti yako,
Faudhia

*

Sindeni, 8 Agosti 2023

Mwanangu Faudhia,

Subhanallah.

Nilikaa na barua yako chini ya ukuta nikashindwa kwenda shambani. Hili sikio langu nililihesabu kuwa tundu lililokufa. Kumbe lina safari ndefu kuliko milima ya Usambara. Nimejiuliza, ni nani aliyeuhamisha mfupa kutoka tayani mpaka sikioni? Wewe utasema ni miaka mingi mno. Mimi nasema ni Mwenye miaka hiyo. Sioni kama tunagombana.

Pingili za mbuzi nimezihesabu, ni saba kweli. Nikajaribu kupapasa zangu nikapotelea katikati.

Kwenye mahindi nimeokota fuvu dogo la tumbili mchanga. Nadhani mtu alimpiga kwa manati, maana mwaka huu tumbili wametumalizia mahindi. Halizidi chungwa. Nimelisafisha kama yale mengine, liko juu ya bati linakauka. Hili, mwanangu, ni tofauti. Mbuzi ukimwekea fuvu lake mbele yako, linatazama pembeni. Hili linakutazama wewe. Macho yako mbele kama yetu. Sikuweza kuligeuzia mgongo.

Jambo jingine la kufurahisha. Siku hizi nikipita njiani watu wananipisha. Hata jirani yetu Sharifu, mume wa Yusra, ambaye hakuwa mtu wa salamu, akiniona anaingia kwenye majani ili nipite. Watoto nao wanasimama kimya. Nadhani wamesikia kwamba nafanya kazi ya sekondari. Elimu inaheshimiwa bado.

Baba yako,
Mwinjuma

*

Sindeni, 10 Agosti 2023

Mwanangu Faudhia,

Ni mimi shangazi yako Hamisa. Ningekupigia simu, lakini mtandao hapa tunaufuata kilimani, na pale kilimani hakuna siri, kila mtu amesimama na simu yake anasikiliza ya mwenzake.

Baba yako hasikii, na ndiyo maana anacheka.

Yusra wa Sharifu alifiwa na mtoto mwezi wa sita. Mtoto wa kike, Zuhura, homa ilimchukua kabla hajaota hata jino. Walimzika pale makaburini karibu na kichuguu. Sasa, wiki iliyopita watu wakaona shimo kubwa pembeni ya kaburi lile, udongo umetupwa huku na huku. Siku chache baadaye mtu akapita nyuma ya nyumba ya baba yako, akaona juu ya bati kichwa kidogo, cheupe, chenye macho mbele.

Unaweza kumalizia mwenyewe.

Wanasema mzee anachemsha watu kwenye debe. Wanasema amezibwa masikio na majini aliyoyafuga. Kisimani wanawake hawateki maji pamoja nami, wanangoja mpaka niondoke. Mimi nimewaambia ni mifupa ya shule, wakaniuliza, "Shule gani inafundisha vichwa?" Juzi mtu alirusha jiwe kwenye bati. Kaka yangu alikuwa ndani anasoma barua yako, hakushtuka.

Sharifu amesema wazi kwamba asipopata jibu kwa mwenyekiti, atalipata kwa kiberiti. Mimi simlaani, mwanangu. Amefiwa. Lakini naogopa.

Nimeshindwa kumwambia kaka. Ataondokewa na furaha aliyoipata sasa hivi tu. Nishauri.

Shangazi yako,
Hamisa

*

Korogwe, 13 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Mifupa uliyotuma imetosha. Mkuu wa shule anasema kabati limejaa. Naomba usiokote tena, na ile iliyobaki, hasa lile fuvu la tumbili, uifukie mbali na nyumba leo hii ukipata barua hii. Debe nalo lipumzike. Umefanya kazi kubwa, sasa pumzika.

Usitembee peke yako porini, jua ni kali.

Faudhia

*

Sindeni, 18 Agosti 2023

Kwako Mwalimu Faudhia,

Nimepokea agizo lako.

Boksi moja la sabuni limejaza kabati. Ni kabati dogo hilo. Kama niliyasafisha vibaya yakanuka, ungeniambia, ningeongeza sabuni. Kama wasichana wamekucheka kwa kuwa na baba anayeokota mizoga, ungeniambia pia. Nimekuwa mpagazi wa mkonge, sioni haya kwa kazi yoyote.

Barua zako zilikuwa ndefu, na kila moja ilinifungulia kitu. Hii ni fupi kama ya mtu wa ofisini.

Ile mifupa mingine nimeifukia. Fuvu la tumbili bado. Kila nikinyanyua jembe linanitazama. Nimeliingiza ndani, liko kwenye kikapu cha mama yako.

Baba yako,
Mwinjuma

*

Korogwe, 21 Agosti 2023

Baba yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Kabati halijajaa. Lina mbuzi na pimbi peke yao, na wasichana wanauliza kila siku utatuma nini kingine. Nilikuficha.

Watu hawakupishi kwa heshima. Wanakuogopa. Wanadhani lile fuvu la tumbili ni la mtoto wa Sharifu na Yusra, kwa sababu kuna shimo limeonekana kando ya kaburi lake. Sharifu ametaja kiberiti. Shangazi anajua yote, na amenyamaza kwa kukuhurumia, kama mimi. Tumekosea wote wawili. Mtu anayesemwa ana haki ya kujua anasemwa nini.

Nilikwambia uzike lile fuvu. Sasa nakuomba usilizike. Ukilizika, litabaki la mtoto wa watu daima.

Sikiliza namna ya kulitambua. Binadamu mchanga ana kichwa kikubwa kuliko mamalia wengi wa umri wake. Fuvu la mtoto wa miezi miwili mitatu halienei kwenye kiganja, na hilo lako halizidi chungwa. Mifupa ya kichwa chake haijashikana bado, imeachana pale utosini, ndiyo maana utosi unapiga. Kwa tumbili utosi hufunga mapema sana. Tena hilo lako lina meno. Ni meno ya utoto, na yakitimia ni ishirini, sawasawa na ya mtoto wa mtu. Akikua yangekuwa thelathini na mawili, sawasawa na yetu, mpangilio ule ule. Ndiyo maana limewatisha watu, baba. Hawakuwa wajinga. Waliona undugu, ila walikosea ni wa karibu kiasi gani.

Kuhusu shimo, ulizia nyayo. Mhanga ana vidole vinne miguu ya mbele, ya kuchimbia, na vitano nyuma. Hafuati maiti, hana hata meno ya kutafunia nyama. Anafuata mchwa.

Laiti mguu huu ungekubali, ningekuja leo. Nenda kwa mwenyekiti Adamu kabla hujaitwa. Chukua barua hii na shangazi.

Mwanao,
Faudhia

*

Sindeni, 27 Agosti 2023

Mwanangu Faudhia,

Nakuandikia mimi Hamisa, maana mimi ndiye niliyesikia.

Kaka alipoimaliza barua yako aliniangalia usoni kama anayenisoma. Kisha akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Na wewe ulijua." Nikaitikia kwa kichwa. Akaoga, akavaa kanzu ya Ijumaa, akachukua kikapu cha mama yako na fuvu ndani yake, akaniambia nilete ubao wa madrasa na chaki. Tukaenda kwa Adamu mchana kweupe, watu wanachungulia milangoni.

Adamu aliitisha mkutano pale ofisi ya kijiji, chini ya upenu wa bati. Walijaa. Sharifu alisimama bila kungoja kuitwa.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Mzee aseme kichwa cha mwanangu amekitoa wapi."

Nikaandika ubaoni, kaka akasoma. Nilidhani atabishana. Nilidhani ataanza yale ya tembo na pimbi. Hakufanya hivyo. Akakaa chini, kwenye vumbi, na kanzu ile nyeupe, akatandika leso, akaliweka fuvu juu yake. Watu walirudi nyuma kama wamemwagiwa maji ya moto.

Akasema, "Mimi sikujua kama nimewatia uchungu. Sisikii. Kama ningesikia ningekuja siku ile ile. Sitawaambia hiki ni nini, maana mimi ni mshitakiwa. Lakini yupo mmoja hapa anayekijua kichwa cha yule mtoto kuliko sisi sote. Yusra, mwanangu, kama unaweza, njoo utazame. Kama huwezi, hakuna atakayekulazimisha."

Sharifu akapiga kelele, "Mke wangu hashiki uchafu huo!"

Lakini Yusra alikwisha simama. Tangu msiba ule, Faudhia, sikuwahi kumwona akinyanyua uso. Akapita katikati ya wanaume, akapiga magoti, akalichukua kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye taya.

"Lina meno," akasema. "Mwanangu hakuwa na jino."

Mtu nyuma akasema meno yanaweza kuota kaburini. Adamu akamnyamazisha.

Yusra hakusikia hata. Alikuwa ameweka kidole juu ya lile fuvu, pale katikati, anapapasa polepole, anarudia. Akasema, si kwetu, ni kama anazungumza peke yake: "Utosi wa mwanangu ulikuwa unapiga. Kila asubuhi nilikuwa naupaka mafuta, nauona unapanda na kushuka. Siku ya mwisho ulizama." Akabonyeza tena. "Huyu amefunga. Huyu mfupa wake ni mmoja." Akalitia kwenye kiganja kimoja, likaenea lote. "Na wangu alikuwa na kichwa. Alikuwa na kichwa kikubwa, mama mkwe alikuwa anamtania."

Akamgeukia mumewe. "Baba Zuhura, si yeye."

Nilidhani atalirudisha sasa. Akalishika tu, akaligeuza kulitazama usoni, lile linavyokutazama. Kisha akauliza, "Mama yake huyu yuko wapi?"

Kaka aliona midomo yake imetikisika, akaninyoshea ubao. Nikaandika. Alisoma, na machozi yakamtoka yule mzee ambaye hakulia hata alipomzika mama yako mbele za watu. Akasema, "Sijui, mwanangu. Sikufikiria kuuliza."

Baada ya pale Adamu alikwenda na wanaume makaburini. Kaka aliwaonyesha lile shimo: limelala kuelekea kwenye kichuguu, si kwenye kaburi, na kwenye ukuta wake mna mikwaruzo ya kucha, minne minne. Ndani mchwa wamejaa. Wakasema hata wao wanamjua mhanga, ila hawakufikiri angechimba pale. Udongo wa kaburi lenyewe haujaguswa. Nimeambiwa Sharifu aliweka kiganja juu yake akakaa hivyo mpaka wenzake wakaondoka.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha yote. Wapo wanaonong'ona bado. Lakini leo kisimani tumeteka pamoja.

Shangazi yako,
Hamisa

*

Sindeni, 3 Septemba 2023

Mwanangu Faudhia,

Hamisa amekuandikia, najua, kwa hiyo sitarudia.

Nakuomba jambo moja. Usinifiche tena kitu kwa sababu sisikii. Ukimya nimeuzoea, una adabu yake. Kufichwa ni ukimya mwingine, na huo sitauzoea.

Sharifu hajaniomba radhi wala sijadai. Ila jana tulikutana kwenye kijia cha mtoni, hakuingia kwenye majani. Tukapita tukagongana mabega. Nilifurahi kuliko angenipa mkono.

Meno ya tumbili nimeyahesabu kama ulivyosema. Niliyahesabu kwa kidole huku nayapapasa kwa ulimi yangu machache yaliyobaki, nafuata mpangilio: mawili, chonge, kisha magego. Yule aliyeyapanga kwake ndiye aliyeyapanga kwangu. Nilijihisi mdogo sana, na sikuona vibaya kuwa mdogo.

Yusra anakuja hapa alasiri. Anataka kuona mifupa. Ile niliyoizika tumeifukua. Ananiandikia maswali ubaoni, mengine siyawezi, nikamwambia akuandikie mwenyewe. Nimempa anwani ya shule.

Baba yako,
Mwinjuma

*

Sindeni, 14 Septemba 2023

Mwalimu Faudhia,

Salaam. Mimi ni Yusra, jirani ya mzee Mwinjuma. Hatujakutana, ila unanijua kwa mengine.

Nisamehe mwandiko, niliishia darasa la saba. Mzee ameniambia nikuulize wewe.

Ameniambia kwamba jina la ukoo wetu wote, mamalia, mimi na pimbi na nguva na popo, linatokana na kunyonyesha. Kwamba aliyeko baharini ananyonyesha, na anayeruka ananyonyesha. Hilo limenikaa.

Zuhura alipokufa maziwa yangu hayakujua. Yaliendelea kuja. Usiku yalinilowesha nguo, nikisikia mtoto wa mtu analia njiani yalitoka yenyewe. Nilijifunga kitambaa kifuani nikakikaza, bado yalikuja. Niliona aibu. Nilidhani mwili wangu ni mpumbavu, unamwandalia aliyekwisha ondoka. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nakuambia wewe kwa sababu unafundisha mambo haya na kwa sababu uko mbali.

Swali langu ni hili. Yule tumbili, wakati mtoto wake amepigwa manati pale kwenye mahindi. Na yeye ilikuwa hivi?

Yusra

*

Korogwe, 20 Septemba 2023

Dada Yusra,

Waalaykumu salaam. Pole. Nilipaswa kuanza na neno hilo tangu Agosti.

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko, nikakosa kipindi kilichofuata. Nimewaambia wasichana wasome wenyewe.

Ndiyo. Ilikuwa hivi. Maziwa hayategemei macho, hayaoni kaburi. Yanaitwa na damu na kufuata njia ya zamani mno, ya zamani kuliko tembo, kuliko wale pimbi wakubwa waliotoweka, kuliko mnyama yeyote mwenye jina unalolijua. Wa kwanza waliolowesha vinyweleo vyao kwa maziwa labda hawakuzidi panya, waliishi wakijificha usiku, na miongoni mwao lazima walikuwepo waliofiwa. Mwili wako haukuwa mpumbavu. Ulikuwa unafanya jambo ambalo, kama lisingefanywa bila kukosa, tangu wakati ule hadi leo, mimi nisingekuwepo kukuandikia.

Watu wanaowafuatilia tumbili na nyani porini wamewaona akina mama wakimbeba mtoto aliyekufa, siku baada ya siku, wakimfukuzia nzi, mpaka abaki ngozi tu. Hawajui kwa nini. Wameandika walichokiona, basi.

Uliwauliza pale mkutanoni mama yake yuko wapi, na baba yangu akasema hajui. Mimi pia sijui. Labda yuko kwenye miti ile ile ya mtoni, labda ana mwingine mgongoni sasa. Lakini ninachokijua, nakuambia kwa hakika: baada ya siku ile, maziwa yake yalitoka.

Wako,
Faudhia